Kufundisha ubongo ujiongoze ndani ya MRI: mwongozo kamili kwa timu za Nyanda za Juu Kusini

Mtu analala ndani ya MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa. Kila baada ya sekunde 2 mashine inapiga picha ya ubongo wake wote, kompyuta inachomoa kipimo cha sehemu moja iliyochaguliwa, na kipimo hicho kinarudi kwake papo hapo kama nguzo inayopanda na kushuka kwenye skrini. Anajaribu fikra hii na ile mpaka ajue ipi inapandisha nguzo, kisha anajizoeza kuitumia hata skrini ikizimwa.

Kinachopimwa si fikra, wala si umeme wa neva. Ni oksijeni ya damu. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu yenye oksijeni huletwa kwa wingi kuliko inavyotumika, na tofauti hiyo huonekana kwenye picha za sumaku. Seiji Ogawa na wenzake walionyesha mwaka 1990 kwamba oksijeni ya damu huonekana kwenye picha hizo, na mwaka 1995 Robert Cox na wenzake wakaonyesha kwamba picha hizo zinaweza kuchambuliwa wakati zikiendelea kupigwa. Sasa, kwa kuwa tunapima damu, chochote kinachochezea damu kinaweza kujifanya ubongo. Mshiriki akibana pumzi kwa sekunde 15 au 20, kaboni dayoksaidi inapanda, mishipa ya ubongo inatanuka, na nguzo inapanda vizuri kabisa. Akitikisa kichwa milimita 2, nguzo nayo inaruka. Timu isiyolinda pumzi na kichwa itawafundisha watu kubana pumzi kwa gharama ya MRI. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu ulinzi huo.

Jambo moja liwekwe wazi kabla hamjaanza: haya bado ni mafunzo ya utafiti. Yapo matokeo yanayotia moyo. Mwaka 2017 Kymberly Young na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio la watu wenye sonona ambao walifundishwa kupandisha amigdala ya kushoto, sehemu ndogo ya ndani ya ubongo inayohusika na hisia, kwa kukumbuka mambo mema ya maisha yao. Baada ya vipindi viwili, watu 12 kati ya 19 walikuwa wamepungukiwa na dalili kwa zaidi ya nusu, ukilinganisha na 2 kati ya 17 waliopewa mrejesho wa sehemu nyingine ya ubongo. Ni matokeo mazuri, lakini ya watu wachache. Kumtoza mgonjwa fedha kwa huduma hii kana kwamba ni dozi iliyothibitishwa si haki.

Vibali na umeme

Andikeni itifaki, mpeleke kwenye kamati ya maadili ya utafiti wa afya iliyo Mbeya, na mfuate utaratibu wa kitaifa wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Picha ya uso inaweza kutengenezwa upya kutokana na picha ya kichwa ya MRI, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu moja kwa moja: futeni uso kwenye picha kabla ya kumpa mtu mwingine, na majina yakae kwenye daftari tofauti linalofungwa kwa ufunguo.

MRI ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) inatosha kuanzia. Ya tesla 3 inatoa ishara kubwa zaidi. Chini ya 1.5, msijisumbue. Swali la kwanza kwa fundi wa kampuni iliyowauzia mashine si nguvu ya sumaku, bali hili: je, kompyuta ya skana inaweza kutoa kila picha mara tu inapokamilika, au inasubiri mpigo mzima, yaani mfululizo wote wa picha, uishe? Mashine nyingi zina uwezo huo lakini umefungwa, na hufunguliwa kwa makubaliano ya utafiti. Bila hilo mradi hauanzi.

Umeme ni suala la pili. UPS (betri ya akiba) ya chumba cha kuendeshea ibebe skana, kompyuta ya uchambuzi na projekta kwa pamoja, maana umeme ukicheza kwa nusu sekunde tu kompyuta ya uchambuzi inazima na kipindi kimekufa. Kipoozea cha sumaku kiwe kwenye jenereta inayowaka yenyewe. Kikisimama muda mrefu, heliamu ya kimiminika inayopoza sumaku inaanza kuchemka na kupotea kwenye mashine za aina ya kawaida. (Gesi hiyo hiyo ndiyo iliyotangazwa mwaka 2016 kugunduliwa bonde la Rukwa, jirani tu na hapa.) Na walinzi pamoja na wahudumu wa usafi waambiwe kwa maneno yasiyo na utata: umeme ukikatika, taa zinazimika lakini sumaku haizimiki. Mlinzi anayeingia gizani na rungu lenye chuma au kiti cha magurudumu anaweza kuua mtu.

Anzeni na eneo saidizi la mwendo

Timu nyingi mpya hutaka amigdala kwa sababu ndiyo yenye habari za hisia. Kwa kuanzia, hapana. Amigdala ni ndogo na iko karibu na mifupa yenye hewa ndani yake, mahali ambapo sumaku huvurugika na ishara hupotea. Eneo saidizi la mwendo, ambalo wataalamu hulifupisha SMA, liko katikati ya ubongo kwa juu, linaonekana vizuri, na linawaka mtu anapowazia kufanya kazi ya mikono bila kuifanya. Mkishaweza kulifundisha hilo, mtajua kwamba mnyororo wenu wote unafanya kazi. Mkishindwa hapo, amigdala msahau kwanza.

Fikra za kuwazia zitoke kwenye kazi ambazo mikono ya mshiriki inazijua. Mtu wa Rungwe aliyechuma chai tangu utotoni anaweza kuwazia vidole vikikata majani mawili na chipukizi, mkono ukitupa nyuma kwenye kapu, vidole vikirudi tena. Wa Mufindi vivyo hivyo. Mwingine atawazia kutwanga, kusuka mkeka, kupiga ngoma. Muhimu ni awazie akiifanya mwenyewe, ahisi mkono ukienda, asijione kama anatazama video.

Vifaa na njia ya picha

Mnahitaji kompyuta mbili. Moja inapokea picha na kuzichambua, nyingine inaonyesha nguzo kwa mshiriki. Mtu anaweza kubana zote kwenye moja, ila mkwamo mdogo wa uchambuzi utaonekana kwenye skrini ya mshiriki na kumvuruga. Ya uchambuzi iwe na kumbukumbu ya gigabaiti 16 au zaidi na diski ya SSD. Iunganishwe na skana kwa kebo ya mtandao ya gigabiti moja kwa moja, bila kupitia mtandao wa hospitali. Zimeni waifai, masasisho na antivairasi ya folda inayopokea picha. Antivairasi inayokagua kila faili ndiyo chanzo cha kawaida cha ucheleweshaji ambao watu huutafuta kwenye programu siku nzima.

Programu: OpenNFT na AFNI ni za bure, Turbo-BrainVoyager ni ya kulipia. Yoyote mtakayochagua, lengo ni picha moja ichambuliwe ndani ya sekunde 1, ili ibaki nafasi kabla ya picha inayofuata.

Projekta ya kawaida haiingii chumba cha sumaku. Iwekwe chumba cha kuendeshea, imulike kupitia dirisha lenye kinga hadi kwenye kitambaa cha plastiki kilichosimamishwa nyuma ya tundu la mashine, na mshiriki aone kwa kioo kidogo kilicho juu ya koili ya kichwa, yaani kifaa kinachozunguka kichwa na kupokea ishara. Kioo hugeuza maandishi, kwa hiyo geuzeni picha kwenye projekta. Jaribuni kwa kulala wenyewe na kusoma neno; neno PANDISHA likisomeka kinyumenyume mshiriki hatawaambia, atadhani ndivyo ilivyo.

Ongezeni mkanda wa kifua wa kupima pumzi na kipima mapigo cha kidoleni, vyote vya aina inayoruhusiwa ndani ya MRI. Hivi si pambo. Bila mkanda wa pumzi hamtajua mshiriki anaongoza ubongo au mapafu.

Kabla ya mtu yeyote, fanyeni jaribio na chupa ya maji ya kukagulia mashine. Chupa haina ubongo, kwa hiyo nguzo inatakiwa ikae karibu na sifuri. Ikipanda polepole dakika baada ya dakika, huo ni msogeo wa ishara unaotokana na mashine kupata joto, na programu yenu haijawekewa marekebisho yake.

Kumchuja na kumwandaa mshiriki

Fomu ya kawaida ya usalama wa MRI inatumika yote: kifaa cha kuendesha moyo, vibanio vya mishipa ya ubongo, vipande vya risasi, ujauzito. Huku kwetu ulizeni kwa mkazo zaidi kuhusu kuchomelea na kusaga vyuma. Kijana wa gereji au wa karakana anaweza kuwa na chembe ya chuma jichoni na hajui. Sumaku inaweza kuisogeza ikaharibu jicho. Akisema amewahi kuingiwa na chuma, apigwe eksirei ya macho kwanza, au aachwe kabisa. Rasta zenye nyaya, pini, wigi lenye vibanio, hirizi yenye chuma, vyote vivuliwe. Kwa hirizi mwombe kwa heshima na mpe mahali pa kuiweka anapopaona. Nywele zilizofungwa fundo kubwa kisogoni zinazuia kichwa kuingia kwenye koili, hivyo mwambieni kabla hajaja. Wanja na rangi za kope zenye chembe za chuma huharibu picha upande wa mbele.

Kahawa ni tatizo la pekee katika mkoa unaokunywa ya Mbozi na chai ya Tukuyu. Kafeini hubana mishipa ya ubongo na kubadilisha ishara tunayoipima. Kanuni rahisi: asinywe kabisa tangu usiku uliotangulia kwa asiyezoea, na kwa mzoefu anywe kiasi kile kile, saa ile ile, kila kipindi, kwa sababu mzoefu akinyimwa ghafla atakuja na kichwa kinachouma. Pimeni damu pia. Upungufu wa damu hubadilisha ukubwa wa ishara, na mtu aliyetoka kuugua malaria asogezwe mbele mpaka apone. Aliyedamka saa kumi alfajiri kupanda basi la kutoka Kyela au Makete atasinzia ndani ya mashine. Mpeni nafasi ya mchana, au alale mjini.

Siku ya kwanza isiwe ya sumaku. Mwambieni fundi seremala atengeneze tundu la kuigizia kwa plaiwudi, kipenyo sentimita 60, urefu wa mita moja na nusu, na kitanda cha kuteleza ndani yake. Mlazeni humo kwa dakika 15 huku mkimpigia sauti ya skana iliyorekodiwa. Mwenye hofu ya kubanwa atajulikana hapa bila kupoteza saa ya mashine. Hapo hapo mfundisheni kutulia kwa utepe wa hospitali: bandikeni utepe mmoja kutoka upande mmoja wa koili, upite kwenye paji la uso, hadi upande wa pili. Haumfungi. Akisogea kidogo anahisi ngozi ikivutwa, anarudi mwenyewe. Utepe wa bei ndogo hivi husaidia kuliko mahubiri ya "usitikisike".

Mipangilio ya picha

Anzeni na picha ya umbo la ubongo, vokseli (vijichemba vidogo vinavyounda picha) za milimita 1, takriban dakika 5. Kwa picha za mrejesho tumieni hii, mrekebishe kulingana na mashine:

Muda wa kurudia, yaani kati ya picha moja na inayofuata, sekunde 2. Muda wa mwangwi, yaani kutoka kuamsha ishara hadi kuisoma, milisekunde 30 kwa tesla 3, kati ya 40 na 50 kwa tesla 1.5. Eneo la picha milimita 224 kwa gridi ya 64 kwa 64, yaani vokseli ya milimita 3.5. Vipande 32. Hakikisheni vipande vinafika utosini. Ni afadhali kukata sehemu ya chini ya ubongo mdogo (serebela, ulio kisogoni) kuliko kukosa SMA.

Mpigo mmoja uwe hivi: picha 5 za mwanzo zinatupwa mpaka ishara itulie, halafu pumziko la sekunde 30 na kupandisha sekunde 30, mara tano, na mwisho pumziko moja la sekunde 30. Jumla picha 170, dakika 5 na sekunde 40. Msirefushe zaidi ya dakika 8. Kichwa huanza kuteleza na akili kuchoka.

Kuipata sehemu yenyewe

Mpigo wa kwanza hauna nguzo. Mshiriki anagusisha vidole kwa kidole gumba taratibu wakati wa kupandisha, anatulia wakati wa pumziko. Kwenye ramani inayotokea, tafuteni kilele kilicho katikati ya ubongo, mbele ya mfereji wa kati, mkunjo unaotenganisha eneo la mwendo na eneo la mguso. Chorea hapo duara la tufe lenye nusu kipenyo cha milimita 8. Kwa vokseli za 3.5 mtapata takriban vokseli 50. Angalieni kwenye picha ya umbo kwamba tufe halijashika mshipa mkubwa wa vena unaopita juu katikati. Mshipa huo hutoa ishara kubwa ya kuvutia, na ni mtego.

Chagueni pia eneo la kulinganisha: kipande kikubwa cha ubongo kisichohusika na mikono. Nguzo ionyeshe tofauti kati ya SMA na eneo hilo. Pumzi hupandisha vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo tofauti hupunguza udanganyifu huo kwa kiasi kikubwa, ingawa haiumalizi.

Hesabu ya nguzo

Chukueni wastani wa picha 6 za mwisho za pumziko lililotangulia. Za mwanzo wa pumziko ziacheni, kwa sababu damu huchelewa kurudi chini. Tuseme wastani huo ni 812 na picha ya sasa ni 818. Tofauti ni 6. Gawanya kwa 812, zidisha kwa 100, unapata asilimia 0.74. Fanyeni hivyo kwa eneo la kulinganisha pia na mtoe. Onyesheni wastani wa picha 3 za karibuni badala ya moja, la sivyo nguzo itarukaruka. Kilele cha nguzo kianzie asilimia 1. Akikifikia zaidi ya nusu ya muda, pandisheni kilele kwenye mpigo unaofuata; asipovuka robo hata mara moja, shusheni hadi 0.7. Msibadilishe katikati ya mpigo.

Ishara ya damu hufika kileleni sekunde 5 hadi 6 baada ya ubongo kuanza kazi. Ukijumlisha wastani wa picha tatu, mshiriki anaona matokeo ya fikra aliyokuwa nayo muda uliopita. Asipoambiwa hili atabadilisha fikra kila sekunde 4 na hatajifunza chochote. Kwa wanaoanza sisi tungechagua kuficha nguzo wakati wa kupandisha na kuonyesha alama moja mwishoni mwa kila sekunde 30. Ni rahisi kueleweka, na hakuna kukimbizana na skrini.

Maelekezo na mwendo wa kipindi

Skrini iwe na maneno mawili tu: TULIA na PANDISHA. Maelezo marefu yatolewe nje, kwa lugha ambayo mtu anawazia kwayo. Mzee wa Kinyakyusa au Kihehe anaweza kuelewa Kiswahili vizuri na bado akawazia kwa lugha ya nyumbani. Wakati wa TULIA apewe kazi nyepesi ya kichwani, kama kuhesabu kurudi nyuma kutoka 100, ili asianze kuwazia kapu la chai mapema.

Mwambieni: awazie mkono ukifanya kazi, fikra moja kwa angalau sekunde 30, apumue kama kawaida, asikaze misuli ya mkono, taya wala shingo, nguzo isipopanda asilazimishe. Kati ya mpigo na mpigo muulizeni kwa maikrofoni: "Mama, unajisikiaje? Ulikuwa unawazia nini?" Andikeni jibu lake neno kwa neno. Sauti ya ukali au haraka kwenye spika humfanya mtu akaze, na mtaiona kwenye mpigo unaofuata.

Kipindi kizima: picha ya umbo, mpigo wa vidole, mpigo mmoja wa kupandisha bila mrejesho, mipigo mitatu ya mafunzo, na mmoja wa mwisho bila mrejesho. Pamoja na mapumziko mafupi ni karibu saa moja. Mpigo wa mwisho ndio mtihani wa kweli: akipandisha bila skrini kuliko alivyofanya mwanzoni, amejifunza. Vipindi 3 au 4 ndani ya wiki mbili vinatosha kujua.

Yanayoharibika

Nguzo inapanda kwa kila mtu tangu mara ya kwanza. Msishangilie. Tazameni mkanda wa kifua: pumzi zikipungua au kuongezeka kwa mpangilio ule ule wa TULIA na PANDISHA, huo ni mchezo wa mapafu. Mrudisheni nje, mfundisheni kupumua kwa mwendo mmoja, na mpigo huo msiuhesabu.

Nguzo inaruka ghafla na kurudi: kichwa. Kompyuta inarekebisha msogeo mdogo, lakini kusogea zaidi ya milimita 0.5 kati ya picha mbili, au milimita 2 kwa mpigo mzima, hufanya vokseli za SMA zichanganyike na jirani zake. Juni na Julai Mbeya watu hutetemeka ndani ya chumba cha MRI. Blanketi la pamba lisilo na uzi wa chuma hutatua nusu ya misogeo ya msimu huo.

Mkono unajongea kweli. Mwekeeni mtu wa kumwangalia kupitia dirisha, au kamera. Mwendo halisi huwasha SMA bila mafunzo yoyote.

Picha zinachelewa kufika, kisha zinafika tatu kwa mkupuo. Angalieni folda, kebo na antivairasi kabla ya kulaumu programu.

Na wapo wasiojifunza kabisa hata kila kitu kikienda sawa. Si wajinga, na si lazima muwe mmekosea. Waripotini pamoja na wengine. Kuwaondoa kwenye hesabu ndiko kunakozifanya taarifa nyingi za fani hii zionekane nzuri kuliko hali halisi.

Kundi la kulinganisha

Bila kundi hili hamjui kama faida inatokana na SMA au na kulala tu ndani ya mashine ya gharama huku watu wakikujali. Njia mbili hutumika: kumpa mtu mrejesho wa sehemu nyingine ya ubongo wake mwenyewe, au kumwonyesha rekodi ya nguzo ya mshiriki mwingine. Ya kwanza ni bora, kwa sababu nguzo bado inamtii yeye na hatashtuka kwamba anadanganywa. Anayeongea na mshiriki asijue yupo kundi gani. Anayejua akae kwenye kompyuta ya uchambuzi na asishike maikrofoni. Mwongozo wa kuripoti uitwao CRED-nf, uliochapishwa mwaka 2020, una orodha ya mambo ya kutaja. Ujazeni kabla ya kukusanya data, si baada.

Baada ya kipindi cha mwisho, mwiteni mshiriki tena baada ya mwezi mmoja kwa mpigo mmoja usio na mrejesho. Mlipeni nauli ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Wa Tunduma au Chunya hatatumia fedha yake kuja kuwazia chai.